Flapjeki si tofali

Idi iliyopita, kwenye ukumbi tunaoukodi kila mwaka hapa Leeds sisi watu wa pwani na jamaa zetu wa Kongo na Burundi, shangazi mmoja aliomba glasi ya maji, akageukia ukutani, akatoa meno yake ya bandia na kuyakagua kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa mazima. Kilichomshinda ni kipande cha flapjeki alichokaribishwa na binti mmoja mwenye heshima zake, aliyeamka kabla ya alfajiri kuzioka. Binti alikuwa bado amesimama palepale na trei yake, midomo inatabasamu, macho yanataka kulia. Shangazi hakutaka kumuumiza. "Nzuri mwanangu," alisema, "ila mimi meno yangu ya kuazima." Akakifunga kile kipande kwenye tishu, akakitia mkobani. Najua hakukila. Mimi changu nilikila, na taya ziliniuma mpaka magharibi.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nacho, flapjeki ya Waingereza ni kitafunio cha oti, siagi, sukari ya kahawia na sirapu, kinachookwa kwenye trei na kukatwa vipande vya mraba. Haina yai, haina unga. Ukimtajia Mmarekani neno hilo atakuletea chapati za maji, na hata Shakespeare alipolitaja kwenye tamthilia yake ya Pericles alikuwa na maana hiyo ya kitu cha kikaangoni. Hii ya oti ilianza kuitwa hivyo miaka ya 1930, na sasa huwezi kupita kituo cha treni wala kantini ya shule hapa Uingereza usiikute imefungwa kwenye nailoni. Na tafadhali tusiite oti shayiri, hata kama baadhi ya kamusi zetu zimeandika hivyo. Shayiri ni nafaka nyingine kabisa, na mtu akienda dukani na jina hilo atarudi na kitu cha kutilia supu.

Nina haki ya kusema juu ya jambo hili kwa sababu lilinilisha. Nilifanya kazi miaka 11 kwenye jiko la shule moja ya mji huu, nikianza kama muosha masufuria na kumaliza nikiwa naachiwa oveni. Mpishi mkuu alikuwa mama wa Yorkshire mwenye mikono kama ya mvuvi na maneno machache. Alhamisi ilikuwa siku ya flapjeki. Alikuwa hatazami saa. Alikuwa anafungua oveni, anapiga trei kwa upande wa kijiko, anaangalia jinsi katikati inavyotikisika, kisha anatoa. Mimi nikitazama naapa kimoyomoyo kwamba kile kitu ni kibichi. Kingo zilikuwa na rangi ya asali, lakini katikati palikuwa laini kama uji uliopoa nusu. Wiki ya kwanza alipougua na kuniachia jiko, nikasema leo nitawapa watoto chakula kilichoiva. Nikaziacha dakika kumi zaidi.

Siku ile hakuna flapjeki iliyoliwa. Nyingi zilirudi zikiwa na alama za meno, na mvulana mmoja alikuwa anagonga mezani kwa kipande chake kama hakimu. Miaka kadhaa baadaye, 2013, magazeti ya hapa yaliandika kuhusu shule moja ya Essex iliyopiga marufuku flapjeki za pembetatu baada ya mwanafunzi kurushiwa moja usoni. Za mraba ziliruhusiwa. Nchi nzima ilicheka kwa sababu ya umbo. Mimi nilijiuliza swali la mpishi: ilikuwa ngumu kiasi gani hata ikamdhuru mtu? Flapjeki iliyookwa sawasawa ukimrushia mtu itamwachia doa la siagi, basi.

Sasa, kosa langu la siku ile ndilo kosa la binti wa Idi, na ndilo la karibu kila mtu ninayemjua anayeoka kitu hiki. Tunaogopa ubichi. Tumelelewa kwamba kilicho laini katikati hakijaiva: keki, mkate wa kumimina, hata chapati. Hofu hiyo ni ya haki kwenye unga na mayai. Lakini kwenye trei ya flapjeki kuna nini cha kuiva? Siagi si mbichi. Sukari na sirapu vilishachemshwa kiwandani. Na oti zile bapa unazonunua kwenye pakiti zimepitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa kwa mitambo ya mviringo, ndiyo maana zikawa bapa bila kuvunjika. Hakuna kitu kibichi pale ndani. Kinachofanyika kwenye oveni ni kuipikia shira yako ikiwa tayari imevalishwa oti, na ukisha kuliona jambo hilo kwa jicho hilo, basi wewe mtu wa pwani unajua zaidi ya mwandishi wa kitabu cha upishi cha Kizungu.

Maana shira tunaijua. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, Mama alikuwa na shira mbili, na kama mtoto ulitumwa kuangalia sufuria ulitakiwa ujue ni ipi. Ya kaimati aliikamulia ndimu, ikabaki nyororo na yenye kung'aa, kaimati zikakaa ndani yake mpaka futari bila kuota chembe. Ya visheti hakuitia ndimu. Aliichemsha hadi ikawa nzito, akaipima kwa kuibana kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ivute uzi, kisha akamimina visheti na kuvigeuzageuza nje ya moto mpaka shira ikapauka na kuwa nyeupe. Sukari ilikuwa imerudi kuwa sukari. Mfuko ulikuwa mmoja, maji ya bomba moja, lakini ya kwanza ilinata na ya pili ikakauka na kukatika kwa mlio.

Miaka mingi baadaye, jikoni Leeds, nilishika kopo la kijani na dhahabu la Lyle's Golden Syrup nikaona lilikuwa wazi rafuni tangu muhula uliopita na halijaota chembe hata moja. Nikasema, hawa watu wametia ndimu. Sikuwa mbali na ukweli. Asidi kidogo na joto huivunja sukari ya kawaida ikawa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, na zikichanganyika na ile ambayo haikuvunjika huzuia chembe zisijipange upya. Ndimu ya Mama ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo. Kiwandani kwa Abram Lyle, Mskoti wa Greenock aliyefungua kiwanda cha sukari kando ya mto Thames mashariki mwa London, kazi ile ilifanywa na mkemia aitwaye Charles Eastick. Mwaka 1883 walichukua ule uji mweusi mchungu unaobaki baada ya kusafisha sukari, wakaugeuza kuwa kitu cha kupaka mkate. Mwanzoni kiliuzwa kutoka kwenye mapipa kwa wafanyakazi na majirani wa kiwanda.

Kopo lenyewe lina picha ya simba amelala, nyuki wamemzunguka. Watu wengi hudhani anapumzika. Amekufa yule, ni kisa cha Samsoni wa Biblia aliyekuta asali ndani ya mzoga wa simba. Lyle alikuwa mtu wa kanisa. Nilipompelekea Mama kopo moja alilitazama sana, akauliza kwa nini Wazungu waweke mzoga kwenye chakula.

Turudi kwenye sufuria. Ukizielewa shira mbili za Mama, umeielewa flapjeki. Sirapu ikizidi, unapata ya kutafunika, inayovutika kidogo kabla ya kukatika. Sukari ikizidi, unaelekea upande wa visheti: kavu, yenye mlio, na ukikosea kidogo tu ni tofali. Vitabu vingi vya hapa hutaja gramu 250 za oti, 125 za siagi, 125 za sukari, na vijiko viwili vitatu vikubwa vya sirapu. Kijiko kikubwa cha sirapu ni kama gramu 20, kwa hiyo sirapu ni nusu ya sukari au pungufu. Hicho ni kipimo cha watu wanaopenda biskuti, na siwagombezi. Lakini hakisamehe. Dakika tatu za kuchelewa zinakumaliza.

Changu ni hiki: oti gramu 350, na siagi, sukari ya kahawia na sirapu gramu 175 kila kimoja, kwenye trei ya sentimita 20 kwa 30 iliyotandikwa karatasi. Kipimo cha kukumbukika kirahisi, kwani oti ni mara mbili ya kila kingine. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kijiko cha kuchotea sirapu kichovye kwanza kwenye maji ya moto, itateleza yenyewe usije ukaanza kuilamba.

Siagi, sukari na sirapu ziyeyushwe kwa moto mdogo, zisichemke. Hapa ndipo binti alipoharibu mara ya kwanza, kabla hata oveni haijawashwa. Aliniambia mwenyewe kwamba aliacha vichemke "vishikane vizuri". Shira inapochemka maji yanaondoka, na kila maji yanapopungua joto lake linapanda. Kwenye nyuzi 115 hivi, ukiidondosha kwenye maji baridi, unaweza kuifinyanga kwa vidole. Ikifika 150 inakatika kama kioo. Kwa hiyo ukiichemsha jikoni halafu ukaipeleka tena kwenye oveni umeipika mara mbili. Mama angesema umeunguza shira ya watu.

Siagi nayo ina siri yake. Karibu asilimia 16 ya siagi ni maji, na maji hayo ndiyo yanayosaidia kuyeyusha sukari, kwa sababu sukari haiyeyuki kwenye mafuta. Niliwahi kujaribu samli, kwa majivuno tu ya pwani, nikitaka flapjeki ya kwetu. Harufu ilijaa hadi kwa jirani. Sukari ikabaki chini kama mchanga, mafuta yakaelea juu, na nilichokitoa kwenye oveni kilimeng'enyeka mkononi. Ukienda upande wa pili, yale majarini laini ya kupaka yaliyoandikwa kwamba mafuta yamepunguzwa, kilichowekwa badala ya mafuta ni maji, na flapjeki yake hutoka imelegea kama kitambaa cha kudekia. Siagi ya kawaida inatosha. Ukiwa na maziwa mazito ya kopo, vijiko viwili vikiingia humo havidhuru. Vinaipa ulaini wa tofi.

Kuhusu oti, watu huvutiwa na zile kubwa kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Zenyewe haziwezi kazi. Zinaacha mapengo katikati, shira inazifunika juu juu, na ukikata kipande kinabomoka. Zile ndogo za uji hunywa shira na kushikana. Mimi huchanganya, thuluthi mbili ndogo na moja kubwa. Zile za pakiti ndogondogo za kumiminia maji ya moto ziacheni kwa uji wenu wa asubuhi, ni vumbi. Kisha mimina, tandaza, shindilia kwa mgongo wa kijiko mpaka juu pawe sawa. Shindilia, nasema, usipige kama unamwaga zege.

Oveni nyuzi 150. Dakika 25, ukizidisha sana 30. Kingo hupata moto kabla ya katikati, kwa hiyo ziangalie hizo: zikishika rangi ya asali na katikati bado panatikisika ukipiga trei, toa. Ndiyo, toa. Moyo utakwambia bado. Shira yoyote ya moto ni laini, hata ile itakayokuwa jiwe. Ugumu wake hauonekani mpaka ipoe. Ukiisubiri ikaze ndani ya oveni, ujue ikipoa itakuwa imepita. Kama dakika kumi baada ya kuitoa, chora mistari ya kukatia kwa kisu, halafu ondoka jikoni. Saa mbili. Ukiikata ya moto itakumwagikia na utasema nimekudanganya.

Nimekuwa nikiandika kwa sauti ya mama mwenye nyumba, lakini hasira yangu iko mahali pengine. Siku hizi, hapa na nyumbani, oti zimekuwa chakula cha watu wa mazoezi. Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya mwaka 1755 aliziandika oti kuwa chakula cha farasi kwa Waingereza na cha watu kwa Waskoti, kwa dhihaka. Leo wajukuu wa Waingereza hao wanazilipia pesa nyingi, na sisi tumefuata. Wifi yangu wa Dar es Salaam hunitumia picha za flapjeki zake "za afya": ndizi iliyopondwa, tende, mbegu za chia, hakuna siagi, hakuna sirapu. Halafu ananiuliza kwa nini hazishikani. Zitashikanaje, wifi? Ulichotengeneza ni uji uliokauka. Unaweza kuwa mtamu, sikatai, na tende ni neema. Ugomvi wangu ni jina, na ni yule mtu anayepunguza siagi nusu na sirapu nusu, akaona mchanganyiko haushiki, akauacha kwenye oveni mpaka ukaze, kisha akaja kututolea meno ukumbini akisema ni kwa faida ya mioyo yetu.

Tusidanganyane. Trei yangu hukatwa vipande 16. Kila kipande kina kama gramu 11 za siagi na karibu 22 za sukari na sirapu. Hiyo ni keki, na hata watoza kodi wa Uingereza wanajua. Kwa sheria yao ya kodi ya ongezeko la thamani, flapjeki ya kawaida inahesabiwa kuwa keki na haitozwi kitu, ilhali vile vipande vya nafaka vinavyouzwa kama chakula cha nguvu na afya hutozwa asilimia 20. Serikali imeshaamua ipi ni keki na ipi inajidai. Kula kipande kimoja na chai ya rangi, ukashukuru, kesho kula mchicha.

Jumamosi baada ya Idi binti alikuja kwangu na oti zake mwenyewe. Nilimwomba afanye kila kitu, mimi nikakaa kwenye kiti na mikono mapajani. Aliyeyusha bila kuchemsha. Alishindilia kidogo kupita kiasi, nikanyamaza. Dakika ya 26 akafungua, akapiga trei, katikati pakatikisika, akanigeukia na uso uleule wa ukumbini.

"Shangazi, hii si bado?"

"Toa."

"Lakini inacheza."

"Toa, mwanangu."

Akatoa kama anayetoa kitu asichokubaliana nacho. Akachora mistari yake, imenyooka kuliko yangu. Tukaenda sebuleni, tukaongea mambo ya mitihani yake na mahari ya dada yake, na mara tatu aliinuka kwenda kuangalia na mara tatu nikamrudisha. Tulikubaliana mapema kwamba kipande cha katikati, kile laini kuliko vyote, ni cha shangazi wa meno ya kuazima.

Baba watoto alirudi kutoka kazini wakati huo na kupitia mlango wa nyuma, wa jikoni. Tulipoingia kufungua trei saa kumi na moja jioni, kona moja haikuwepo, na kijiko kilikuwa kwenye sinki.